Bakteria Anayekaa Tumboni Miaka Mingi

MTANGAZAJI: Leo tunaanzia mpakani, Gisenyi, mji ambao sasa unaitwa Rubavu. Julai 1994, katika siku chache tu, mamia ya maelfu ya watu walipita hapo wakaingia Goma. Ardhi ni mawe ya volkano, vyoo havikuchimbika. Walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyachemsha. Kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu.

Bakteria huyo huua haraka, na kila mtu humwona. Yuko mwingine asiye na haraka. Juni mwaka huohuo, mjini Lyon, Ufaransa, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikubaliana kwamba Helikobakta pilori husababisha saratani ya tumbo.

Zamani hata madaktari walidhani vidonda vya tumbo huletwa na mawazo au pilipili. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kumwotesha bakteria huyu maabara. Wenzao wengi hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akamnywa mwenyewe. Siku chache baadaye akaanza kutapika, na vipimo vikaonyesha tumbo limevimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyu huingia mara nyingi utotoni, hasa pale watu wanapobanana na maji safi ni haba. Wengi hawasikii chochote. Lakini huchubua ngozi ya ndani ya tumbo mwaka baada ya mwaka. Ngozi hiyo hukonda, hubadilika, na kwa watu wachache mwishowe hugeuka saratani.

Basi wewe uliye Nkamira au kambi nyingine, tumbo likiwaka kila mara usiseme, "Ni mawazo ya ukimbizi tu." Nenda kituo cha afya. Tiba ipo: antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Zimeze zote hadi mwisho hata ukipata nafuu, usimgawie jirani. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda siku hiyohiyo. Na ukikonda bila sababu, au chakula kikikwama, usingoje.

Nawa mikono kwa sabuni, wewe na watoto. Kinga hiyo inawahusu bakteria wote wawili.

Tuonane kipindi kijacho.