Sotoka ilizikwa Meru: tuyajue haya kabla ya kuikataa chanjo ya mifugo



Tangu serikali itangaze, mwishoni mwa mwaka 2024, mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 kwa muda wa miaka mitatu, maneno hayajakwisha. Nimeyasikia Mombasa kwenye baraza za kahawa, na nimeyasikia Nyeri na Karatina kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wako wanaosema ni njama ya matajiri wa ng'ambo. Wengine wanasema sindano hiyo ni ya kupunguza gesi matumboni mwa ng'ombe.

Simcheki mtu. Ng'ombe mmoja wa gredi kule Nyeri ndiye karo ya watoto, na mbuzi wa Muorma wa Tana River ndio akiba yake. Mwenye mali ana haki ya kuuliza. Ila jambo hili si geni kwetu. Kenya ina kisa chake cha chanjo ya mifugo, kilichoanzia Kabete na kumalizikia chini ya Mlima Kenya, na ni wachache wanaokijua.

Sotoka ilikuwa nini?

Sotoka ulikuwa ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na nyati: homa kali, vidonda mdomoni, kuhara, kisha kifo kwa siku chache. Uliingia pembe ya Afrika mwaka 1887 ukashuka kusini. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 ulikuwa umewamaliza ng'ombe wa Wamasai karibu wote, na njaa ikafuata. Wakoloni walipokuja waliukuta, na kwa miaka mingi dawa yao kubwa ilikuwa karantini, yaani kumzuia mfugaji Mwafrika asitoe ng'ombe wake kwenda sokoni.

Wataalamu walikutana Nairobi

Mwaka 1948 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliwakutanisha Nairobi wataalamu wa mifugo kutoka nchi mbalimbali kuzungumzia chanjo za sotoka tu. Wakati huo Kabete walikuwa na chanjo yao, iliyotengenezwa kwa kuvipitisha virusi ndani ya mbuzi mara nyingi hadi vikapungua ukali. Ilisaidia, lakini baadhi ya ng'ombe iliwaumiza.

Jibu bora lilitoka Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Huko Walter Plowright na wenzake walivikuza virusi vilivyotoka Kabete katika chembe za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, mpaka vikawa haviwezi tena kuuguza. Ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingwa maisha yake yote. Kwa kazi hiyo Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999.

Ilibaki kasoro moja. Chanjo ilitaka barafu, na barafu haipatikani malishoni. Karibu na mwaka 1990 Jeffrey Mariner, daktari wa mifugo kutoka Marekani, alipata njia ya kuikausha ili istahimili joto kwa wiki kadhaa bila jokofu. Hapo ndipo chanjo ilipoweza kubebwa kwa miguu. Wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja, kwa sababu wao ndio wanaojua ng'ombe walipo.

Nyati wa Tsavo na wa Meru

Kati ya mwaka 1994 na 1997 sotoka ilirudi kwa kishindo ndani ya Tsavo, hapa hapa kwa jirani zetu wa Taita Taveta, ikaua nyati na tandala wengi. Kisha mwaka 2001 ikaonekana kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Baada ya hapo haikuonekana tena popote duniani. Nyati hawakuchanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe, na ng'ombe walipokingika, virusi vikakosa pa kukaa. Serengeti ilishuhudia jambo hilo mapema: nyumbu walikuwa kama 250,000 mwanzo wa miaka ya 1960, wakapita milioni moja miaka ya 1970.

Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani baada ya ndui, na wa kwanza wa wanyama.

Sasa ni zamu ya mbuzi

Miongoni mwa ndugu wa sotoka ambao wangali hai ni wawili hawa. Mmoja ni surua, inayowapata watoto wetu. Wa pili ni sotoka ya mbuzi na kondoo, na huo ndio mmoja wa magonjwa mawili yanayolengwa na mpango wa serikali. Mwengine ni ugonjwa wa miguu na midomo. Mwaka 2015 mataifa yalikutana Abidjan yakaahidi kuifuta sotoka ya mbuzi kufikia 2030. Sindano moja hukinga kwa miaka mitatu au zaidi, na chanjo hutengenezwa hapa hapa Kenya na taasisi ya serikali, KEVEVAPI.

Waziri wa Kilimo aliyeupokea mpango huu ni Mutahi Kagwe, aliyekuwa seneta wa Nyeri, na ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya wakati wa korona. Anajua kwamba watu wakiamrishwa bila kuelezwa hukimbia. Muguga walifaulu kwa sayansi. Malishoni kulihitajika kitu cha pili, nacho ni kumuamini mfugaji na kumpa kazi mkononi.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Afisa wa mifugo akija, muulize: ni chanjo ya ugonjwa gani, imetoka wapi, imehifadhiwa vipi njiani, na mnyama akidhurika nimwendee nani? Akikujibu vizuri, toa mifugo. Mtume wetu (SAW) alikataza mwenye wanyama wagonjwa kuwapeleka kwa wanyama wazima. Mbuzi wa Tana River na Garissa hufika masoko ya Mombasa kila Idd, na mmoja mgonjwa anatosha kuambukiza zizi zima la jirani.