Wanyama Waliohamishiwa Rubondo

Somo letu la leo la historia halituchukui mbali. Ninyi mlioko Katoro, mkishuka mpaka Nkome ufukweni na kupanda mashua, mtafika Rubondo, kisiwa cha msitu chenye ukubwa wa kilomita za mraba 240 hivi. Humo wamo tembo, twiga, mbega na sokwe. Labda umedhani kwamba wamekuwako tangu zamani. Sivyo. Wenyeji wa asili ni viboko, mamba na nzohe. Hao wengine walipelekwa na binadamu.

Lakini kwanza watu walitolewa. Rubondo palikuwa na wavuvi wa Kizinza, na katika miaka ya 1960 jamaa zao walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1965 kisiwa kikatangazwa kuwa pori la akiba. Wanaosimulia habari za Rubondo hupenda kulipita jambo hili upesi; mimi naona haifai.

Serikali ilitaka mahali pa salama, palipozungukwa na maji, pasipo simba wala chui. Bwana Bernhard Grzimek, Mjerumani wa Shirika la Wanyama la Frankfurt, alisaidia. Faru 16 waliletwa kutoka bara. Kisha, kati ya mwaka 1966 na 1969, wakaja sokwe kutoka Ulaya. Sikilizeni vema habari yao. Walikuwa wamezaliwa porini Afrika, wengi upande wa Magharibi, wakakamatwa wadogo, wakauzwa. Wengine walikaa miaka mingi katika vizimba vya bustani za wanyama na vya sarakasi. Wakarudishwa Afrika kwa meli, wakafikishwa kisiwani, milango ya masanduku ikafunguliwa. Hakuna aliyewafundisha kutafuta chakula. Hata hivyo walijifunza matunda ya msituni, wakajenga matandiko yao juu ya miti, wakazaa. Wajukuu zao wako mpaka leo.

Je, basi, kazi ilikwenda vizuri? Kwa sokwe, ndiyo, ingawa madume wawili walipigwa risasi kwa sababu ya kushambulia watu. Mnyama aliyelelewa na binadamu hamwogopi. Kwa faru, hapana. Majangili waliwamaliza wote. Maji yale yaliyowazuia faru kutoka hayakumzuia mtu mwenye mtumbwi na bunduki kuingia.

Sasa tuje kwenye sheria. Wakati ule nchi ilitumia sheria ya wanyamapori ya mwaka 1951, iliyoachwa na Waingereza, ambayo ilishughulika zaidi na leseni za kuwinda na mapori ya akiba. Ilifuatwa na sheria ya mwaka 1974, kisha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009. Kwa sheria hii huwezi kumkamata mnyama pori bila kibali cha Mkurugenzi wa Wanyamapori, hata ukisema unampeleka mahali pazuri zaidi. Rubondo yenyewe ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977.

Shirika la kimataifa la IUCN nalo lilitoa tamko lake mwaka 1987, na miongozo mwaka 1998 na 2013. Maswali yake ni ya mkulima anayenunua ng'ombe wa mbali. Je, ana ugonjwa? Malisho yatamtosha? Ni wa aina inayofaa hapa? Nani atamlinda? Na watu wa jirani wamekubali? Kwa maswali hayo, sokwe wa Rubondo huenda wasingepita leo: asili yao ni mbali, na sokwe wa nchi hii ni wa Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Faru wangekwama kwenye swali la ulinzi. Swali la watu wa jirani wangeulizwa Wazinza.

Kabla ya somo lijalo, kila kundi la wasikilizaji limtafute mzee mmoja kutoka Nkome, Muganza au visiwani aliyewajua waliohamishwa Rubondo. Mwulizeni walipewa notisi ya siku ngapi, walilipwa nini, na walijenga wapi. Andikeni majibu katika daftari, mje nayo.