Mashine Dhaifu Iliyoshinda

Historia ya teknolojia husimuliwa mara nyingi kama mbio za nguvu: chombo chenye nguvu zaidi hushinda, kilicho dhaifu husahaulika. Katika insha hii napinga wazo hilo kwa kutumia mashine za gemu za mkononi, ambazo mimi nazipenda kuliko kompyuta.

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi hiyo, aliamini katika vifaa vilivyokwisha zoeleka na kushuka bei. Kioo hakikuwa na rangi wala taa, lakini betri nne ndogo ziliiendesha kwa zaidi ya saa kumi. Mwaka uliofuata Sega ilileta Game Gear, yenye rangi na mwanga. Hiyo ilimaliza betri sita kwa saa chache tu, na bei yake ilikuwa juu zaidi. Game Gear ziliuzwa takriban milioni 10. Game Boy, pamoja na Game Boy Color iliyoifuata, zilipita milioni 118.

Gemu iliyoisaidia sana ni Tetris. Alexey Pajitnov aliibuni mjini Moscow mwaka 1984, kwenye kompyuta ya kazini. Wazo la mtu mmoja, lisilohitaji picha nzuri, lilipata makao yake mkononi. Historia hiyo ilijirudia: Eric Barone alitengeneza Stardew Valley peke yake, ikatoka kwenye kompyuta mwaka 2016, na mwaka 2017 ikaingia kwenye Nintendo Switch.

Gemu hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Nyumbani kwetu Buraza, upande wa Gitega, tuna kompyuta ya mezani aliyotuachia kaka yangu. Stardew Valley huhifadhi mchezo pale tu mkulima wako anapolala. Umeme ukikatika kabla ya hapo, siku nzima ya shambani inapotea. Nimepanda viazi vilevile mara tatu. Kwenye Switch kuukuu niliyoazimwa na binamu, nabonyeza kitufe, mashine inalala, na kesho naendelea nilipoishia.

Sikatai kwamba kompyuta ina faida. Gemu zake ni nyingi na mara nyingi ni rahisi zaidi, tena insha hii nimeiandikia humo. Na Switch nayo lazima ichajiwe. Lakini wanaopima mashine kwa kasi na ukubwa wa kioo hupima wakiwa mahali ambapo umeme haukatiki. Yokoi alipima kwa muda ambao mtu ataweza kucheza.

Likizo iliyopita umeme ulikatika jioni. Mdogo wangu alikaa mlangoni na ile mashine, nami nikimwangalia akimwagilia viazi. Kompyuta yenye nguvu ilikuwa nyuma yetu, gizani, kimya.