Kwa nini ndege hugongana zikiwa ardhini, na ajali hizi huzuiwaje?

Jioni ya Januari 2, 2024, ndege ya Walinzi wa Pwani wa Japani ilikuwa ikijiandaa kuruka kutoka uwanja wa Haneda, Tokyo. Ilibeba misaada ya waathiriwa wa tetemeko la ardhi lililoipiga rasi ya Noto siku moja kabla.

Muongoza ndege aliwaambia marubani wake kwamba wao ni "namba moja", na wasogee hadi sehemu ya kusubiri. Ndege haikuishia hapo. Iliingia kwenye njia ya kurukia na kukaa hapo kwa takriban sekunde 40. Wakati huo huo, Airbus A350 ya shirika la Japan Airlines, ikiwa na watu 379, ilikuwa inashuka gizani kutua kwenye njia hiyo hiyo.

Watu watano kati ya sita waliokuwa kwenye ndege ya walinzi walifariki. Wote 379 wa ndege ya abiria walitoka wakiwa hai kabla haijateketea.

Wengi wetu tunaogopa ndege ikiwa angani. Lakini moja ya hatari kubwa zaidi katika safari iko chini, kwenye kipande cha lami ambacho ndege moja inakitumia kuruka na nyingine inakisubiri kutua.

Je, nini hasa hutokea?

Wataalamu wanaliita tukio hili uvamizi wa njia ya kurukia. Maana yake ni ndege, gari au mtu yeyote kuwa kwenye eneo la kuruka na kutua wakati hatakiwi kuwa hapo. Mara nyingi si uvamizi wa makusudi. Ni rubani aliyepitiliza mstari, dereva wa gari la uwanja aliyepotea njia, au muongoza ndege aliyesahau kwamba tayari ameruhusu ndege nyingine.

Matukio haya hupangwa kwa ukubwa wa hatari, kuanzia lile lisilo na madhara ya papo hapo hadi lile ambalo ajali imeepukwa kwa tundu la sindano.

Tatizo ni muda. Ndege kubwa ikiwa inatua kwa mwendo wa kilomita 260 hivi kwa saa, inakwenda zaidi ya mita 70 kila sekunde. Kwa sekunde 40 inakuwa imemaliza karibu kilomita tatu. Ukiiona taa yake kwa mbali, muda wa kukwepa unaweza kuwa umeshakwisha.

Neno moja linavyoweza kuua

Mwaka 2024 mwezi Desemba, Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Japani ilitoa ripoti ya maendeleo ya uchunguzi wa Haneda. Ilitaja mambo matatu: marubani wa ndege ya walinzi waliamini wamepewa ruhusa ya kuingia, waongoza ndege hawakujua kwamba imeingia, na marubani wa Japan Airlines hawakuiona.

Kumbuka lile neno "namba moja". Lilimaanisha tu kwamba wao ndio wa kwanza kwenye foleni ya kuruka. Halikuwa ruhusa. Lakini kwa mtu mwenye haraka ya kupeleka misaada, kuambiwa wewe ni wa kwanza kunaweza kusikika kama kuambiwa pita.

Baada ya ajali, Japani ilisitisha kwa muda matumizi ya maneno hayo ya kupanga foleni kwenye redio.

Haikuwa mara ya kwanza kwa maneno kuponza watu. Machi 27, 1977, Boeing 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Uhispania. Watu 583 walikufa. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Siku hiyo ndege nyingi zilikuwa zimeelekezwa Tenerife kwa sababu bomu lililipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria. Nafasi ilikuwa finyu, ukungu mzito, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini. Ndege ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia ya kurukia pale rubani wa KLM alipoanza kuondoka bila ruhusa.

KLM walisema kwa redio kwamba sasa wako kwenye kuruka. Muongoza ndege alidhani wapo tayari tu, wanasubiri. Akawaambia wangoje, lakini sekunde hiyo hiyo Pan Am nao wakazungumza kusema bado wako njiani. Sauti mbili zikagongana kwenye redio, na ndani ya KLM ukasikika mlio tu.

Tangu hapo, neno la kuruka kwenye redio linatumika pale tu ruhusa inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo, watu wa mnara na marubani huzungumzia "kuondoka".

Vizuizi vinavyowekwa kati ya kosa na ajali

Viwanja vyenye shughuli nyingi havitegemei kinga moja. Vinaweka kadhaa, ili moja ikishindwa nyingine ishike:

• Mistari ya njano. Kabla ya kuingia njia ya kurukia kuna mistari miwili isiyokatika ikifuatiwa na miwili iliyokatika. Ni kama barabarani: ukiukuta usiokatika upande wako, huvuki bila ruhusa.

• Mabango mekundu yenye maandishi meupe, yanayoonyesha kwamba mbele ni njia ya kurukia.

• Taa nyekundu zilizopangwa kukatiza njia. Zikiwaka, hakuna kupita, hata kama unahisi umeruhusiwa.

• Kurudia maelekezo. Rubani lazima amrudishie muongoza ndege maagizo aliyopewa, na muongoza ndege asikilize kama yamerudiwa sawasawa.

• Rada ya ardhini, inayoonyesha ndege na magari hata kukiwa na ukungu, na kupiga kengele pale mbili zinapoelekea kukutana.

Kukosa hata moja kunaweza kugharimu. Oktoba 8, 2001, watu 118 walikufa uwanja wa Linate, Milan, Italia, baada ya ndege ndogo kupotea kwenye ukungu na kuingia mbele ya ndege ya shirika la SAS iliyokuwa inaruka. Rada ya ardhini ya zamani ilikuwa imeondolewa na mpya haijaanza kazi. Alama za uwanjani nazo zilikuwa hafifu.

Mashine inaona, lakini nani anaiangalia?

Januari 13, 2023, katika uwanja wa JFK, New York, Boeing 777 ya American Airlines ilikatiza njia ya kurukia bila ruhusa huku ndege ya Delta ikiwa imeshaanza kukimbia kuruka. Mfumo wa rada ulipiga kengele, muongoza ndege akafuta ruhusa ya Delta mara moja, na ndege ikasimama kabla ya kufika pale. Hakuna aliyeumia.

Haneda nako kulikuwa na skrini iliyotoa onyo, lakini hakuna aliyeligundua. Ndiyo maana siku chache baadaye uwanja huo ulimpanga mtu maalumu, kazi yake ikiwa ni kuitazama skrini hiyo tu.

Baadhi ya viwanja vya Marekani vimekwenda mbali zaidi. Vina taa nyekundu zilizofukiwa kwenye lami, ambazo huwaka zenyewe njia ikiwa na ndege, bila kusubiri mtu wa mnara abonyeze chochote.

Abiria afanye nini?

Huwezi kumwongoza rubani, lakini unaweza kuelewa kinachoendelea. Ndege ikisimama muda mrefu karibu na njia ya kurukia, usikasirike. Inasubiri zamu yake. Na ikipaa tena ghafla wakati ilikuwa karibu kugusa ardhi, mara nyingi hiyo si dalili ya hatari. Inawezekana njia haikuwa wazi, na rubani ameamua kuzunguka arudi upya.

Likitokea baya, kumbuka Haneda. Vipaza sauti vya ndege havikufanya kazi, na milango mitatu tu kati ya minane ndiyo iliyotumika. Wahudumu walipaza sauti, abiria wakasikiliza, wengi wakaacha mabegi yao. Watu 379 walitoka kwa sababu hakuna aliyeziba njia akitafuta mzigo.