Taa za mbele za gari: kutoka karabai hadi LED

Magari ya kwanza yalimulika njia kwa gesi ya karabai, kama taa za wachimba madini wa zamani. Mwaka 1912 gari la Cadillac lilitoka na stata na taa za umeme. Ampuli ya halojeni ilianza Ulaya mwaka 1962, kisha mwaka 1971 ikaja H4 yenye nyuzi mbili: wati 55 kwa mwanga wa karibu, wati 60 kwa wa mbali. Hiyo H4 ingali katika magari mengi ya okazioni mashariki ya Kongo.

Wadereva wanaotaka mwanga mkali huitoa na kuweka LED humo humo. Lakini kikombe cha taa kiliundwa kufuata mahali penye uzi wa H4. LED isipokaa hapo hapo, mwanga hutawanyika. Ampuli ya wati 100 nayo huweza kuunguza soketi na nyaya.

Baya zaidi ni hili: magari mengi hutoka Japani, ambako hupita kushoto, na taa zake huinua mwanga upande huo, penye ukingo wa barabara. Kongo magari hupita kulia. Kushoto ndiko anakotokea dereva mwingine. Akipofushwa, hamwoni mama anayekimbia vita usiku, mtoto mgongoni, pembeni ya njia.

Kwa hiyo ya kununua kwanza ni taa nzima iliyoundwa kwa nchi za kupita kulia. Kisha fundi huipima ukutani: kwa mita 10, mwanga wa karibu ushuke sentimita 10 chini ya kimo cha taa.