Nunda Mla Watu: Kutoka Hadithi za Unguja hadi Vitabu vya Picha vya Watoto

Watoto wetu wanapofungua vitabu vya picha, aghalabu viumbe wa ajabu wanaokutana nao kwanza ni joka la Ulaya litemalo moto na farasi mwenye pembe moja. Hakuna ubaya katika hilo, kwani ngano ni mali ya walimwengu wote. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba kiumbe mmoja wa Waswahili aliingia katika vitabu vya namna hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Makala hii inakusudia kueleza safari ya kiumbe huyo, yaani nunda, na funzo tunaloweza kulipata sisi tunaofundisha Kiswahili.

Hadithi yaandikwa

Edward Steere, mmisionari Mwingereza wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864. Alisikiliza masimulizi ya wenyeji na kuyaandika kwa Kiswahili. Mwaka 1870 yalichapishwa London katika kitabu kiitwacho Swahili Tales, Kiswahili kikiwa ukurasa mmoja na tafsiri ya Kiingereza ukurasa wa pili. Kilikuwa kitabu cha watu wazima waliotaka kujifunza lugha, wala hakikukusudiwa kuwa cha picha.

Miongoni mwa hadithi hizo imo ile ya Sultani Majinuni, aliyekuwa na wana saba na paka mmoja. Paka alikula ndama. Watu waliposhtaki, Sultani alijibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala hata watu. Jibu likawa lile lile. Mwisho paka aliwaua wana watatu wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba alipokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda.

Kitindamimba, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa jikoni na watumishi, akaenda kumsaka. Kila alipoua mnyama, kuanzia mbwa hadi tembo, alimburura hadi nyumbani akimwimbia mama yake na kumwuliza kama ndiye nunda. Mama naye alimjibu kwa wimbo kuwa siye. Lakini alimweleza dalili: nunda ana masikio madogo, ni mpana wala si mrefu, ana mabaka mawili kama ya fungo, na mkia wake ni mnene. Kijana alipomkuta mnyama amelala, alizihesabu dalili hizo moja baada ya nyingine na kumtambua.

Tutazame jambo hilo vizuri. Kijana huyo hakuwa na picha ya nunda. Alikuwa na maneno ya mama yake, na maneno hayo yalimtosha.

London na Chicago, 1901

Mwaka 1901 hadithi hii ilitokea katika vitabu viwili vya watoto. London, Andrew Lang aliitia katika The Violet Fairy Book, kimojawapo cha vitabu vyake kumi na viwili vya ngano vilivyoitwa kwa majina ya rangi na kutolewa kati ya 1889 na 1910. Mchoraji wake alikuwa Henry Justice Ford, na sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri na kusimulia upya ilifanywa na Leonora Blanche Lang, mkewe Andrew. Huko Chicago, George W. Bateman alitoa Zanzibar Tales, yenye michoro ya Walter Bobbett. Yeye aliandika majina ya Kiswahili kwa tahajia ya Kiingereza ili watoto wa Marekani waweze kuyatamka; Mkaa Jikoni akawa Mkaaah Jeechonee.

Katika kitabu cha Lang, nunda alipata majirani. Imo ngano ya joka kutoka Romania, na imo ya Kijapani kuhusu paka mkubwa mweusi aliyepelekewa msichana kila mwaka hadi alipokamatwa na mbwa shujaa. Mtoto aliyekisoma kitabu hicho aliweza kuona kwamba hofu ya paka aliyegeuka kuwa adui haikuwa ya Unguja peke yake. Imo pia hadithi ya Hasibu na Mfalme wa Nyoka, ambayo Waswahili waliipata kutoka masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Kwa hiyo Unguja ilikuwa imepokea, nayo ikatoa.

Funzo kwa walimu

Picha ina nguvu kubwa. Mtoto akishaona umbo la kiumbe limechorwa, ni vigumu kumfanya awaze lingine. Nunda akichorwa na meno ya kutisha tangu ukurasa wa kwanza, hadithi imeharibika, maana kiini chake ni kwamba alikuwa paka wa nyumbani, akaharibiwa na bwana asiyesikia malalamiko ya watu wake. Mchoraji mzuri atamwacha awe paka mpaka hadithi yenyewe imgeuze.

Fauka ya hayo, lugha yetu ina njia zake za kuumba viumbe. Nyoka akikuzwa huwa joka. Mtu huwa jitu. Mwalimu anayeanza kwa "paka huyu" na kuishia kwa "paka hili" amelikuza dude bila kalamu ya rangi. Zimwi nalo lina ndugu zake katika lugha jirani: Wakikuyu na Wachaga wanalijua irimu, na Wazulu wanalijua izimu. Kufananisha majina kama hayo ni somo zuri la isimu hata kwa wanafunzi wachanga.

Jambo hili lina uzito hapa Uganda, ambapo mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto watakaokisoma watahitaji vitabu vinavyowavuta. Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Tanzania ulianza kazi hiyo mwaka 1991, na tangu 2014 African Storybook imetoa katika intaneti vitabu vya picha vinavyoweza kutafsiriwa na kuchapwa bila malipo.

Tunapendekeza, basi, utaratibu rahisi. Mwalimu asimulie kwanza, kitabu kikiwa kimefungwa. Watoto wachore nunda wao kwa dalili nne za mama. Kisha kitabu kifunguliwe, michoro ilinganishwe, na kila mtoto aeleze kwa Kiswahili kwa nini wake ana mkia wa namna ile. Baada ya hapo waletwe joka la Romania na paka wa Japani, nao wapokewe kama wageni wenye heshima.

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watoto wetu nao walijue la kwao kabla hawajatambulishwa kwa ya wengine.