Wagika na Wagalu: Siku ya Mashindano Usukumani

Mashindano ya ngoma kati ya Wagika na Wagalu ni ya zamani kuliko mipaka ya wilaya na mikoa iliyopo leo Usukumani. Asili yake hutajwa kuwa katikati ya karne ya 19, kwa waganga wawili, Ngika na Gumha. Kila mmoja alijulikana kwa dawa zake na kwa ngoma yake, na ubishi juu ya nani mwenye dawa kali ukaamuliwa uwanjani: wacheze siku moja, mahali pamoja, kisha ionekane watu wamekwenda kwa nani. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika, wa Gumha wakaitwa Wagalu. Tangu hapo vyama hivyo viwili vilienea katika vijiji vya Usukuma, vikiwemo vya Mkoa wa Simiyu wa leo.

Kipimo cha ushindi hakijabadilika sana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakitenganishwa na nafasi ndogo, na watazamaji wako huru kuhama. Upande wenye umati mkubwa ndio ulioshinda. Kwa hiyo matokeo hayatangazwi mara moja kama ya mbio za farasi, ambako pua ya mnyama wa kwanza ikivuka mstari neno limekwisha. Umati ulioelemea kwa Wagalu saa saba unaweza kuwa wa Wagika saa kumi, kwa sababu manju, yaani kiongozi wa ngoma na nyimbo, amezua wimbo mpya wa kumsuta mpinzani, au wachezaji wametoa chatu au sanamu ya mbao inayochezeshwa, au kiinimacho ambacho hakuna aliyekitazamia. Hapa ndipo ulipo ubora wa mashindano haya: mwamuzi ni mtazamaji mwenyewe, na hukumu yake huitoa kwa miguu.

Utabiri wa mshindi nao ulikuwa na wataalamu wake. Manju hakuingia uwanjani bila dawa ya mvuto, iitwayo samba, ambayo kazi yake ni kuvuta watu na kukinga kundi dhidi ya dawa za upande wa pili. Mfumu, yaani mganga mwenye kupiga ramli, alisoma dalili katika mwili wa kuku aliyepasuliwa, njia ambayo Wasukuma waliitumia kwa maradhi, safari na mashaka mengine mengi. Shabiki wa kawaida alikuwa na vigezo vyake: sifa za manju, nyimbo zake za mwaka uliopita, na jina la mganga aliye nyuma yake. Nguvu ya dawa ilipimwa kwa idadi ya watu, na idadi ya watu ikaongeza sifa ya dawa kwa mwaka uliofuata.

Ushindani wa Usukumani ulikuwa wa ngoma, si wa mbio za wanyama: farasi hawakupata nafasi katika michezo ya nchi hii, na sababu kubwa ni maradhi. Nagana, inayoenezwa na mbung'o, pamoja na tauni ya farasi inayoenezwa na usubi, viliwaua wanyama hao kwa urahisi. Mbung'o walikuwa tatizo zito kiasi kwamba katika miaka ya 1920 mtaalamu wa mbung'o Charles Swynnerton aliongoza kazi kubwa ya kufyeka vichaka Shinyanga ili kuokoa malisho ya ng'ombe. Mbio za farasi za Afrika Mashariki zilikua Nairobi, kwenye nyanda za juu, zikianzishwa na walowezi.

Majira ya mashindano Usukumani yalifuata shamba. Mavuno yakiisha, kuanzia Juni, watu walikuwa na chakula na muda, na pamba ilipopanuka wakawa na fedha pia. Ngoma zenyewe zilitoka kazini: bugobogobo huchezwa kwa majembe, na vikundi vya vijana vililima mashamba ya watu kwa mdundo wa ngoma na nyimbo zilezile zilizopelekwa baadaye uwanjani. Kundi lililolima pamoja msimu mzima liliingia mashindanoni likiwa na pumzi na mpangilio, jambo ambalo mtabiri makini hakulipuuza.

Kanisa Katoliki liliyapa mashindano haya sura nyingine. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyejenga parokia ya Bujora karibu na Mwanza, aliziingiza ngoma za Kisukuma katika sherehe za Ekaristi za mwezi Juni. Kutokana na maua yaliyorushwa njiani wakati wa maandamano, sikukuu hiyo ikaitwa Bulabo, na Wagika na Wagalu wakaendelea kushindania umati chini ya mwavuli wake. Makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa 1968, yamehifadhi ngoma na vifaa vya pande zote mbili.

Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu yake. Katika matamasha yaliyofanyika mjini humo miaka ya karibuni, ngoma za vyama hivyo viwili zimekutanishwa na mbio za baiskeli, chombo kinachobeba watu, maji na magunia ya mazao katika vijiji vyote vya mkoa. Mshindi wa baiskeli hujulikana kwenye mstari wa mwisho. Wa ngoma bado huamuliwa na umati.